Shinikizo la Juu

Fundi wa maabara alikosea mara moja tu: alimwambia shangazi yake kwamba kazi yake ni "shinikizo la juu". Shangazi hakungoja la pili. Ukoo mzima ukajua binti ana presha.

Leo binti alikuwa amebana chembe ya salfa kati ya ncha mbili za almasi. Salfa haipitishi umeme, lakini ikibanwa barabara hugeuka metali, na ikipozwa mno umeme hupita bila kizuizi chochote. Mwaka mzima alikuwa akiitafuta saa hiyo. Kipimo cha ukinzani kikaanza kuporomoka kuelekea sifuri. Hata kupepesa jicho aliogopa.

Mara mtambo wa kupoza ukazimika. Kipimo kikapanda, kisha almasi zikalia ta! zikapasuka. Nyuma yake amesimama shangazi, plagi mkononi, sweta begani.

"Una presha halafu unakaa kwenye baridi hii, mwanangu? Unataka tukuzike?"

"Nani kakwambia naumwa?"

"Si wewe mwenyewe? Shinikizo la juu!"

"La salfa, Shangazi! Salfa! Mimi nilikuwa buheri wa afya!" Mishipa ya shingo ilimtutumka, kichwa kikamgonga kama nyundo. "Haya, kawatangazie tena. Sasa ninalo!"