Mwanajeshi wa Kuazima

Juzi kazini, bibi mmoja ninayemhudumia alitia kijiko cha jamu kwenye chai ya rangi. Mvuke ule uliponipiga puani, nikajikuta tena Merrylands, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, kwenye fleti zetu za matofali, nina miaka tisa.

Jirani yetu Bibi Vera, mjane wa Kirusi, alikunywa chai hivyo. Mama tulikuwa tumemzika Uvira kabla ya kuhama, Baba alishinda kwenye zamu za ghalani, basi baada ya shule nilikaa kwake. Hakuwa na mtoto. Tulifaana.

Mwezi wa nne, kwa siku ya kuwakumbuka wanajeshi, watoto wa darasa letu walitakiwa walete picha ya askari wa ukoo wao. Baba aliwahi kuwa askari. Nililijua hilo kwa jinsi alivyokunja shuka. Nikamwomba picha.

“Sisi tulishindwa, mwanangu,” alisema. “Aliyeshindwa nani anampiga picha?”

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa tabia yangu mbaya, kwamba mimi peke yangu nitakwenda mikono mitupu.

Nilipomweleza Bibi Vera, akashusha picha ukutani: mtu wa ndevu, koti refu. Ni babu yake. Alipelekwa na mfalme wa Urusi kupigana na Wajapani, wakapigwa vibaya, akarudi na buti zilizooza. Kijijini wakamwuliza nani kawashinda. Akasema, “Wajapani walimalizia tu. Walianza wakubwa wetu.” Akasimama mbele ya watu akadai ardhi, shule, na baraza la kuchaguliwa na wananchi. Wakamfunga. Huenda nimesahau mengine, naandika ninachokumbuka.

“Mchukue,” akaniambia. “Mimi sina wa kumbeba.”

Darasani Kevo, mtoto wa Kikenya, aliangua kicheko. “Wee! Babu yako alilowekwa kwenye jiki akawa mweupe?”

Darasa zima likacheka, hata wasiojua Kiswahili. Nisimwonee Kevo: wakati wa mapumziko ni yeye pekee aliyekaa nami, akanigawia biskuti.

Jioni Baba aliikuta picha mezani. Nikamsimulia. Akaifuta kioo kwa mkono wa shati, taratibu, kama anayemfuta mtu uso.

“Na walimsikiliza?”

“Nani?”

“Huyu mzee. Aliposema.”

“Walimfunga, Baba.”

Akavuta kiti. “Sisi viatu vyetu...” akaanza.

Katuni zangu zilikuwa zinaanza. Nikawasha televisheni. Sikuwa na ubaya, nilikuwa mtoto. Lakini kiti kile nilikisikia kikirudishwa mahali pake.

Nilidhani Baba alificha aibu ya kushindwa. Kumbe alikuwa na maneno, hakuwa na wa kumsikiliza, na siku alipompata, msikilizaji mwenyewe akageukia televisheni.

Sasa kiharusi kimemwondolea kauli. Jumapili napanda treni hadi Campbelltown anakotunzwa, safari ndefu, nakaa kando ya kitanda chake, namnywesha chai. Namwuliza, kwa Kiswahili sasa, “Baba, viatu vyenu vilikuwaje?”

Huvitazama viatu vyangu, akakaa hivyo mpaka chai ipoe.