Mpapai Usiozaa

Dada yangu mkubwa alirudi nyumbani kutoka Kolwezi akiwa na mifuko miwili na cherehani isiyo na meza. Alikuwa ameishi kwa mume miaka tisa bila kupata mtoto, na ukoo wa mume ulikuwa umemletea mke mwingine. Hakuna aliyeuliza kama mume naye alipimwa. Hata sisi wa upande wake hatukuuliza. Mama alimwandalia chumba cha nyuma, tukala bukari, ugali wetu, pamoja jioni ile, na mazungumzo yote yakawa juu ya barabara na vumbi la malori.

Nilimwita Yaya, kama kila mtu kwetu anavyomwita ndugu aliyemtangulia kuzaliwa. Parseli yetu, kiwanja chetu cha Kikula, si kubwa. Mbele ni nyumba ninayokaa na mke wangu na watoto, nyuma ni nyumba ya Mama, na katikati palikuwa na uwanja mtupu ambamo tulizoea kutupa majivu. Yaya aliushika uwanja huo kwa jembe kabla hata hajafungua mfuko wake wa pili. Alipanda mboga ya lengalenga, akapanda maboga kwa ajili ya majani, na kando ya ukuta wa choo akatia mbegu za papai. Miche minne ikaishi.

Ilipofika wakati wa kuchanua, mitatu ilitoa maua manene yaliyokaa karibu kabisa na shina, na chini ya kila ua palikuwa na kitu kama yai dogo la kijani. Baada ya miezi tulikuwa na mapapai ya kula na ya kuuza sokoni. Mpapai wa nne ulikuwa na tabia yake. Ulining'iniza vishada virefu vya maua madogo meupe yenye harufu tamu, na basi. Maua yalianguka, yakaja mengine, nayo yakaanguka.

"Ile ya ine iko dume," Yaya aliniambia siku moja akifagia maua yale. "Yeye hatazaa. Lakini bila yeye, ingine nayo haitazaa."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Somo la sehemu za mmea nimelifundisha tangu nianze kazi: mzizi unafyonza maji na chumvi, shina linayapandisha, jani linatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ua linaleta mbegu. Ua lenyewe naweza kulichora ubaoni huku nikiangalia dirishani. Nilichukua slati, kibao cha kuandikia cha binti yangu, nikamchorea Yaya ua moja kubwa, nikamwonyesha kwa ncha ya chaki.

"Angalia. Hii ni etamini, yenye kutoa poleni, ile vumbi ya manjano. Hii ya katikati ni pistili, yenye kupokea. Zote mbili ziko mu ua moja. Muti haina bwana na bibi, Yaya."

Alitazama mchoro kwa muda, kwa heshima kabisa.

"Miye sikusoma sana," akasema. "Ninaona tu."

Kisha akaendelea kufagia. Laiti ningeinuka pale, nikachuma ua moja la mpapai wa nne na jingine la mpapai wa pili, nikayapasua. Ningekuta katika moja vumbi tupu bila yai, na katika jingine yai bila vumbi. Ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Sikuinuka.

Baadaye nikataka kujenga banda la kuku, na mahali nilipopataka ni pale ulipokuwa mpapai wa nne. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Shemeji zangu wawili walikuwa wamekuja kunisaidia, Mama alikuwa ameketi mlangoni, mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Yaya aliponiona na panga akasimama.

"Achia ile muti," akasema. "Banda unaweza kuiweka upande ya maboga. Nitang'oa maboga yangu."

"Muti yenye haizai iko na kazi gani mu parseli?" nikamjibu. "Inakulia tu benzake mbolea."

Shemeji mmoja akacheka. Mchi wa mke wangu ukanyamaza kinuni. Watu husema neno limewatoka bila kujua, mimi nilijua. Nilijua lingali mdomoni, na nikaliachia kwa sababu lilikuwa na utamu wa kuchekesha wanaume wawili. Yaya alijifunga kitenge chake upya kiunoni, akaenda kuchukua mchi kwa mke wangu, akaendelea kutwanga. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wananiangalia, nikakata. Shina la mpapai ni laini, lina uwazi ndani. Mapigo manne yalitosha.

Usiku huo Mama aliniita. "Nenda useme na yaya yako."

"Kesho, Mama," nikasema.

Kesho yake nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Keshokutwa niliona Yaya anaongea na watoto vizuri, anacheka, nikajiambia kwamba limepita. Mwisho wa mwezi akatuambia kuna familia upande wa Mulungwishi inayotafuta mtu wa kulima nao bustani, na kwamba anakwenda. Hapakuwa na ugomvi. Nilimbebea cherehani mpaka kwenye gari.

Mapapai yaliyokuwa yamekwisha kutunga yaliendelea kukua, tukayala, na ndiyo sababu sikuona kitu mapema. Ya mwisho yalipokwisha, miti ile mitatu ilichanua tena, maua manene kama kawaida. Kisha yakawa manjano, yakaanguka. Niliweka samadi. Nilimwagilia. Maua yakazidi kuwa mengi na kuzidi kuanguka. Mama alikuwa anayaokota mlangoni kwake na kuyatupa.

Jibu nililipata katika kitabu changu mwenyewe cha kufundishia, aya fupi chini ya mchoro wa ua, ambayo niliiruka kila mwaka kwa kuwa mtihani hauiulizi. Ilisema kwamba mimea mingine ina ua la kiume kwenye mti mmoja na ua la kike kwenye mti mwingine. Mfano waliotoa ulikuwa mpapai.

Nilipanda gari kwenda Mulungwishi katika baridi ya Juni. Nilimkuta Yaya katikati ya matuta ya kabichi, amenenepa kidogo, kitambaa kichwani. Alifurahi kuniona. Alinipa kiti, akanipa mihogo na karanga. Nikamweleza habari za maua yanayoanguka, nikamweleza na ile aya, kwa maneno mengi.

"Kwa hiyo ulikuja juu ya muti," akasema.

"Ndiyo," nikasema, Mungu anisamehe.

Aliingia ndani, akatoka na mbegu za papai zimefungwa katika karatasi. "Panda mingi. Mpaka itoe maua, hautajua gani ni dume."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipoonekana kwa mbali, ndipo nilipoweza.

"Yaya, ile neno nilisema, ile siku ya banda. Unisamehe."

Alitazama lile gari linavyokuja.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini nilikungoja, unajua? Kila asubuhi nilikuwa ninafagia pole pole karibu na mulango yako. Nilisema, leo atatoka, atasema kitu. Wiki tatu. Kisha nikafunga mizigo."

"Sasa urudi. Mama anazeeka."

"Nitakuja kumuona Mama. Kurudi, hapana. Huku hakuna mutu ananihesabia kitu."

Gari likasimama, nikapanda. Yaya huja kila Noeli, na Mama alipougua alikaa nasi siku kumi. Analala kwa Mama, analeta kabichi, anawashonea watoto wangu nguo. Mimi ananiita mwalimu, kwa adabu, kama anavyoniita mtu yeyote wa mtaani.