Pesa Alizotunzwa Yovani

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na siikumbuki kwa wema. Ilikuwa wakati wa korona. Blacktown, huku Australia, tulikuwa tumefungiwa majumbani, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa, na mama yangu ameketi jikoni amevaa kitenge chake cha kanisani ili azungumze na wakubwa wa ligi kupitia simu. Nitafika huko. Kwanza nianze na hili ulilonijia nalo.

Umeniambia klabu inakutaka. Umeniambia mwaka wa kwanza watakulipa kidogo na mwaka wa pili watakulipa sana, na macho yako yaling'aa ulipotaja huo wa pili. Kaa, unywe chai. Maneno hayo niliyasikia kabla hujazaliwa, kwa klabu hiyohiyo.

Klabu ile tuliianzisha sisi watoto wa wakimbizi wa Kivu, pamoja na Wakenya wachache, tukicheza uwanja wa wazi kule Granville. Tulipanda daraja hadi tukafika ligi ya kulipwa. Mimi nilikuwa beki wa kati na kapteni. Nililipwa hela ya mafuta na viatu, na nilitosheka, kwa kuwa jezi ile ndiyo kitu pekee nilichokipata Australia bila kujaza fomu. Mchana nilibeba maboksi ghalani, jioni nikawa mtu.

Sasa ligi ile ilikuwa na kikomo cha mishahara, sisi tukikiita kepu. Kila klabu iliambiwa jumla ya pesa inazoruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa mwaka. Ukizidisha, unakatwa pointi au unashushwa daraja. Sheria nzuri, ili tajiri asinunue kila mwenye miguu. Lakini sheria nzuri haimzuii mwenye tamaa, humfundisha tu kuzunguka.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Mutiso, Mkenya mwenye ofisi ya uhasibu Parramatta, ulimi wake asali. Alituletea mshambuliaji kutoka Melbourne, jina lake Jovan, ambaye akina mama wa kanisani walimwita Yovani na kumpenda siku hiyohiyo. Pesa za Jovan hazikuenea kwenye kepu. Mutiso akazigawa: kidogo mwaka ule, mzigo wote mwaka wa pili.

"Relax, Kapteni," aliniambia. "Next year kepu inapanda. Kila mwaka inapanda. Tutamlipa from there."

Nikampigia makofi na wenzangu. Ahadi ni deni, wazee walisema, na sisi tulisherehekea deni kama watu waliopata mshahara.

Korona ikaingia. Viwanja vikafungwa, wadhamini wakatokomea, na ligi, badala ya kuipandisha kepu, ikaishusha. Mwaka wa pili wa Jovan ukafika ukiwa mzito kuliko klabu yenyewe. Jovan hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alidai alichoahidiwa, na mkataba wake ulifungwa hivi kwamba hata kama asingegusa mpira angelipwa. Pale ndipo Mutiso alipopaswa kusema kweli. Angekwenda kwa ligi akaungama, tukakatwa pointi zetu, tukafungwa msimu mmoja, tukaishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye akaamua kuufunika ufa kwa kanga za mama zetu.

Unajua kwetu mtu akifurahisha hutunzwa. Unainuka na noti yako, unacheza hadi alipo, unambandika kwenye paji la uso, vigelegele vinapigwa. Katikati ya ule mwaka wa pili korona ilitulegezea kidogo, tukaruhusiwa kucheza ngoma tena, na klabu ikafanya sherehe ukumbini Blacktown. Kabla ya sherehe Mutiso alipita kwa akina mama, mmoja mmoja, akimpa kila mmoja bahasha. Za kumtunza Yovani, alisema, ili shughuli ichangamke. Mama yangu hakushangaa. Hata harusini wenye shughuli huwagawia watu noti za kuanzishia. Akapokea, tena akaongeza noti yake mwenyewe, ya jasho lake la kuwaogesha wazee kule Westmead.

Walimtunza Jovan hadi akalia. Noti za Australia ni za plastiki, hazigandi kwenye jasho, zikawa zinamwagika sakafuni na akina mama wanaziokota kwenye beseni huku wanacheza. Nilicheza mbele yao mimi kapteni, nikicheka. Beseni lile ndilo lililokuwa mshahara wa Jovan, umepitishwa mikononi mwa mama zetu ili ligi isiuone.

Mtu akarekodi video, akaitupa mtandaoni. Klabu pinzani wakaiona, ligi ikaita kikao. Kufikia siku ya kikao tulikuwa tumefungiwa tena, na kila kitu kilifanywa kwa simu. Mutiso alimpigia mama yangu asubuhi ile.

"Mama, hii issue ni ndogo tu," alisema. "Wewe ndiye shemasi, ukisema pesa ilikuwa yenu, watakuamini. Ukisema ni yangu, wanatushusha daraja, timu inakufa, na huyu kijana wako, captain wa nini tena?"

Mama alikata simu, akanitazama. Hakuniuliza kitu. Laiti angeuliza, labda ningemjibu kama mwanamume. Aliingia chumbani, akatoka na kitenge cha kanisani.

Kwenye kikao mama mmoja wa ligi aliuliza kwa upole, na mkalimani akafasiri. Pesa zile zilikuwa za nani?

"Zilikuwa zetu," mama akasema.

Kuna mtu wa klabu aliwapa?

"Hapana. Miye niko mama wa kanisa. Tulimupenda mutoto, tukamutunza."

Hakuwahi kunidanganya hata juu ya kifo cha baba yangu, nilipokuwa mdogo kiasi cha kudanganywa. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, nje ya picha, nimeshika simu isitikisike. Mkono wangu haukutikisika hata kidogo. Hilo linaniuma hadi leo.

Ligi ikamwamini. Hatukukatwa pointi, hatukushushwa. Lakini wakasema, zawadi sawa, ila zawadi kwa mchezaji ni malipo vilevile, hata ikitoka kwa bibi yake, na pesa zote zile zitahesabiwa ndani ya kepu. Klabu ikawa imezidisha, ikapewa mpaka msimu unaofuata ijibane irudi ndani. Wa kumkata ni nani? Jovan hakatiki, mkataba wake chuma. Walioletwa naye pia. Wakakatwa waliokuwa hawana mkataba wa maana, sisi watoto wa nyumbani, vijisenti vyetu vikijumlishwa ndivyo vikatosha. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Mutiso hakunipigia. Alituma ujumbe: "Thanks for everything bro. Not personal, ni cap tu."

Nilimsomea mama. Alikuwa anaosha sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sinki. Asante ya punda ni mateke, nikasema, nikamtukana Mutiso na ukoo wake, na mama akaniacha nimalize. Kisha akasema bila kugeuka:

"Ulimi wangu nao nilitoa, Amani. Ule hawakuuhesabu kwenye kepu yao."

Akaendelea kuosha. Makanisa yalipofunguliwa alirudisha kitambaa cha ushemasi, akahamia kiti cha nyuma, na sahani ya meza ya Bwana ilipomfikia aliipitisha kwa jirani bila kumega. Mchungaji alimwomba, mimi nilimpigia magoti. Aliipitisha hivyo hadi tulipomzika. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yule mchuma janga wetu hakula hata tonge. Tulikula sisi.

Klabu ilipona, nikuambie ukweli. Mkataba wa Jovan ulikwisha akaenda zake, Mutiso akajiuzulu kwa heshima na keki, na kamati mpya ikaifungulia ligi kila kitu, ikachezesha vijana, ikafungwa misimu miwili mfululizo, ikasimama. Dawa ilikuwa hiyo tangu mwanzo. Ilikuwa mezani siku ile Mutiso alipobeba bahasha badala yake. Leo picha yake ipo ukutani pale klabuni, miongoni mwa waasisi. Utaiona ukienda kusaini. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Mimi sipiti barabara ile.

Sikukatazi. Mpira wako ni mzuri kuliko wangu, na hao wa sasa huenda ni watu wengine. Lakini waulize mwaka huu huu pesa za mwaka wa pili zitatoka wapi, na mwenzako wa nyumbani yupi atakatwa zikikosekana. Wakicheka, ondoka. Wakikuomba kuleta mila zetu kuziba mahali pao palipotoboka, usiage, ondoka. Na ikitokea umekosea pamoja nao, sema wewe, mapema, kwa mdomo wako, hata kama jezi itavuliwa. Jezi hununuliwa nyingine.

Nenda sasa. Mungu akutunze magoti, akupe kocha mwenye haya na mwenyekiti mwenye hofu. Na mama yako azeeke kiti cha mbele, asiitwe hata siku moja kueleza pesa asizozitoa.