Mabati ya Kusubiri Karafuu

Kaka yangu aliporudi Pemba kutoka Unguja na karatasi za benki, alitembea Madungu nzima kifua mbele kama bwana harusi. Benki ya ng'ambo, alituambia, itamlipa muuza mabati wa China papo hapo. Yeye atauza kwanza, kisha arudishe dola baada ya miezi mitatu. Rahani ikawa shamba la mikarafuu la mama, hilo moja tu alilorithi kwa babaake.

"Miezi mitatu tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu mzigo ushuke bandarini Mkoani. Weye biashara ya kimataifa utaijulia wapi?"

Kumbe siku zilianza kuhesabiwa meli ilipopakiwa huko huko China. Mabati yakazubaa baharini, yakazubaa Dar es Salaam, yakazubaa tena Unguja. Yaliposhuka Mkoani muda ulikuwa ukingoni, na mfanyabiashara wetu wa kimataifa akayauza Kipemba: chukua leo, utalipa karafuu zikichumwa. Ami akachukua. Majirani wakachukua. Mvuvi wa Tumbe asiye na hata mche mmoja akachukua, kwa kuwa mkwewe anayo mikarafuu. Kumdai mtu kabla ya msimu kwetu ni kumvunjia heshima, na kaka yangu anapenda heshima kuliko chakula.

Mama alimwomba mabati ya kuezekea jiko lake linalovuja. "Wateja kwanza, mama," akamjibu.

Benki ilipopiga simu, alicheka. "Mzungu naye atasubiri karafuu."

Mzungu! Mzungu karafuu anaijua kwenye keki tu. Benki ikaliuza shamba.

Msimu ulipofika, wateja wote walilipa, hakukosa mtu. Kaka akakimbilia kwa tajiri aliyelinunua shamba, maburungutu ya shilingi mkononi, ili alikomboe. Tajiri akaitazama mikarafuu ilivyozaa, akaguna, akaingia ndani.

Wiki hiyo mama alichukua mkeka wake akaenda kule kule shambani, akaketi na wanawake wengine kuchambua karafuu kwa ujira wa kila pishi moja. Niliona uchungu hata nikashindwa kumsalimu. Kaka akamfuata, amefura kwa aibu.

"Mama, inuka. Watu watasema nini?"

Mama hakuinua macho. Alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Keti uchambue, baba. Si ndizo hizi karafuu ulizokuwa ukizisubiri?"

Akaketi, na suruali yake ya kwendea benki.