Katofali na Siku Thelathini za Kujaribu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Nilipewa brashi ya kupakia rangi, kitambaa cha pamba, na kompyuta ya mezani iliyofunguliwa mbavu. Ndani yake mlijaa unga mweusi, mzito, kama udongo ndani ya kiatu cha mkulima. Chef wa atelier, yaani mkuu wa karakana, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia nisafishe mpaka nione shaba. Nilisafisha asubuhi nzima. Mji wetu wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo yanasagwa na magurudumu hadi yanakuwa vumbi lenye makali. Feni, kile kipepeo kinachopooza mashine, hulivuta vumbi hilo ndani kutwa kucha, mpaka siku moja kinanyamaza.

"Mutoto yangu," mzee aliniambia, "hapa mashine haikufaka na uzee. Inakufaka na vumbi, na courant yenye inarudi na kasirani."

Kasirani hiyo niliijua baadaye. Umeme ukikatika kisha ukarudi, haurudi polepole. Unarudi kwa kishindo na kuunguza alimentation, lile sanduku la ndani linaloigawia mashine nguvu. Nimebadilisha mengi kiasi kwamba hata leo nikisikia harufu ya waya ulioungua naweza kusema ni la nini.

Nilikuwa msichana wa Butembo mwenye diploma ya biashara na vidole vilivyojifunza kwenye taipureta. Mafundi wanne walionitangulia waliwekeana dau kwamba sitamaliza mwezi. Nilibaki. Wao ndio walioondoka, mmoja baada ya mwingine, na kiti cha kila aliyeondoka nilikivuta karibu na changu nikakiwekea mashine.

Baada ya miaka michache gérant, yaani msimamizi wa duka zima, alinituma mji mdogo wa Kiwanja kuuza katika tawi letu dogo lililopakana na soko la maharage. Waliobaki Goma waliita kule kutupwa. Mimi sikutupwa. Kiwanja ndiko nilikojifunza kuuza, na walionifundisha hawakuwahi kugusa kompyuta.

Pale sokoni, mama mwenye maharage hakuuzii gunia hivi hivi. Anakupimia kopo moja, unakwenda nalo nyumbani, unalipika kwa makaa yako na maji yako. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yanapendeza machoni lakini hayaivi, yanakumalizia makaa bure. Yakikushinda, unarudi na kusema hivyo mbele ya watu, na yeye hakasiriki. Nilikuwa nikiwatazama hao mama kutoka mlangoni mwa tawi letu lisilo na wateja, nikajiuliza kwa nini sisi tunaouza kitu kigumu zaidi kuliko maharage hatuna kopo la kuonjesha.

Waliponirudisha Goma, mashine ndogo zilikuwa zimefika. Nizielezee, maana ninyi vijana mmezizoea na mnazidharau. Kompyuta za awali zilikuwa mnara unaokaa chini ya meza na kumeza umeme kama shamba linavyomeza mvua. Hizi mpya zilitoshea kwenye kiganja, bapa, zisizo na madaha. Tuliziita katofali, yaani tofali dogo. Bei yake mwalimu aliweza kuifikiria bila kucheka. Kumbukumbu yake, ile sehemu mashine inapoweka kazi inayoendelea, ilikuwa ndogo, na mtu wa kutengeneza filamu angeitupa dirishani. Lakini kwa barua, orodha na majedwali ilitosha na kubaki. Iliweza kutumia betri moja na invata, kile chombo kinachogeuza nguvu ya betri iwe kama ya ukutani, siku nzima. Na katika mji ambamo mtu huwa anajua vizuri kitu gani atabeba kwanza akilazimika kuondoka, ilitoshea ndani ya kikapu.

Wakubwa wa ofisi hawakuitaka. Walitaka sanduku refu lenye taa za bluu, ili mgeni akiingia aone cheo. Mmoja aliniambia hicho ni kipande cha sabuni. Nilimjibu kwamba sabuni ilishafanya kazi nyingi hapa mjini kuliko taa za bluu. Gérant alinikanya kwa jibu hilo. Sikujuta wakati ule, na sijuti sasa.

Basi nikampelekea gérant wazo la Kiwanja. Mteja aichukue katofali siku thelathini. Aichomeke kwenye umeme wake, ailishe vumbi lake, aifanyishe kazi yake mwenyewe. Ikimfaa analipa, isipomfaa anairudisha na hatumuulizi neno. Gérant alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya chini. Alifikiri, akakubali, nami nikatoka ofisini mwake nikijiona mshindi.

Sikujua alichoongeza. Katika kila katofali aliweka programu ya kuandika na kupanga majedwali ambayo nayo ilikuwa ya majaribio, siku thelathini tu. Zikipita, programu inajifunga, na kazi ya mteja inabaki ndani kama nguo ndani ya sanduku lililopotezewa ufunguo. Ufunguo wenyewe, namba ndefu ya tarakimu na herufi, uliuzwa dukani kwetu, karibu kwa bei ya mashine. Nilipogundua nikamuuliza kwa nini hatuwaambii watu.

"Mutu akisha kuweka kazi yake ndani," alinijibu, "hawezi tena kurudisha. Wewe ulileta mulango, Kanyere. Mimi naweka kitasa."

Hapo ndipo nilipokosea, na nitalisema kosa langu kama lilivyo. Sikugombana naye. Nilichagua njia ya ujanja. Mafundi wote wa Goma tulijua kwamba mashine huhesabu siku kwa saa yake ya ndani, inayoishi kwa betri ya mviringo kama kifungo cha koti. Ukiirudisha nyuma tarehe, programu inaamini siku hazijapita. Kwa hiyo kila mteja niliyemkabidhi katofali nilimnong'oneza: ukiona onyo kwamba siku zinakwisha, rudisha tarehe mwezi mmoja nyuma. Niliona nimewaokoa. Kumbe niliwafundisha kuiba ili mimi nisilazimike kusema ukweli.

Mmoja wao alikuwa Mama Espérance, katibu wa shule ya sekondari huko Kibumba, kwenye barabara ya Rutshuru. Shule ilikuwa inaandika matokeo yote kwa mkono. Yeye alimshawishi préfet, yaani mkuu wa shule, wajaribu mashine kwa ajili ya proclamation, ile siku ya mwisho wa mwaka ambapo wazazi wanakusanyika uwanjani na kila mtoto anasomewa asilimia yake mbele ya watu. Préfet alikubali kwa sharti moja alilolitamka mbele ya walimu wote: mashine ikiwaaibisha, Mama Espérance atafute kazi pengine. Alinisimulia hayo akicheka siku aliyokuja kuchukua katofali. Nami nilicheka naye, kisha nikamnong'oneza habari ya tarehe.

Alinipigia simu asubuhi, siku moja kabla ya proclamation. Alikuwa hacheki. Onyo lilikuwa limetokea kwamba zimebaki siku tatu, naye, kwa kuogopa, akafanya nilivyomfundisha. Lakini toleo hilo la programu lilikuwa jipya. Lilijua hila yetu. Lilipoona saa imerudi nyuma lilijifunga pale pale, likiwa na alama za shule nzima.

Nilikwenda kwa gérant nikamweleza. Alisikiliza vizuri, hata akanivutia kiti. Kisha akasema kwamba proclamation ni kesho, kwa hiyo shule itanunua ufunguo leo, nami nisiondoke, nimsubiri Mama Espérance dukani. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na furaha ya mvuvi aliyehisi kamba ikivutwa.

"Papa gérant," nikamwambia, mfuko wangu ukiwa tayari begani, "yule mama, mimi ndiye nilimudanganya. Naenda kumuambia."

"Ukitoka na huo mufuko, Kanyere, usirudie hapa."

Mfuko wenyewe ulikuwa na bisibisi zangu na flashi moja yenye programu ya bure, ile inayotengenezwa na watu kwa ajili ya watu, isiyofungwa na siku wala ufunguo. Nilitoka nao. Chef wa atelier, aliyekuwa amezeeka sana wakati huo, alinifungulia mlango wa nyuma.

Pikipiki ilinipitisha Munigi, ikapanda. Kibumba ni baridi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya viazi. Ofisini nilimkuta Mama Espérance amesimama, na préfet ameketi mbele ya rundo la karatasi na kalamu.

"Fundi amefika," préfet akasema. "Karibu. Sisi hapa tulizoea bic. Bic haifungikake."

Walimu wawili mlangoni walicheka. Ningeweza kucheka nao, kurekebisha mashine, na kuondoka nikiwa shujaa. Mama Espérance alikuwa ananitazama kama mtu anayemngoja shahidi wake. Nikasema yote mbele yao: kwamba programu ilikuwa ya majaribio, kwamba duka lilijua, kwamba mimi nilijua, na kwamba tarehe aliirudisha kwa agizo langu. Kwamba katibu wao hakukosea kitu isipokuwa kuniamini.

Préfet alifunga kalamu yake. Akauliza kama alama zipo au zimekufa.

Zilikuwepo. Kinachofungwa ni programu; faili, yaani kazi yenyewe, inabaki kwenye diski. Niliweka programu ya bure, nikafungua faili, na majina ya watoto yakajitokeza, darasa kwa darasa. Lakini kupita kutoka programu moja kwenda nyingine kunaweza kuvuruga hesabu, na kwenye madarasa mawili wastani ulikuwa umeharibika. Tulikagua yote. Préfet mwenyewe alichukua madaftari ya walimu akawa anasoma alama kwa sauti, Mama Espérance anaandika, mimi naangalia. Umeme haukuwepo tangu juzi. Katofali ilifanya kazi kwa betri moja ya gari kuanzia saa nne mpaka saa kumi, pamoja na skrini, na mashine ya kuchapa tuliiwasha mwishoni tu. Mnara wenye taa za bluu ungekuwa umeshazima kabla ya darasa la pili. Walimu walikuwa wameacha kucheka. Mmoja alikuwa ananishikia waya.

Kesho yake niliketi nyuma, miongoni mwa wazazi waliokuja na majembe yao. Préfet alisoma matokeo tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Hakuna asilimia iliyopingwa. Alipomaliza alimshukuru katibu wa shule kwa jina lake lote, na nilimwona Mama Espérance akikaza kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili, kama mtu anayejishika asianguke.

Nilikwenda kumuaga. Nilimkumbusha kwamba siku za kujaribu mashine zilikuwa bado mbili, lakini sasa haina kitasa tena, anaweza kuilipia kwa amani. Alikuwa ameshaifunga ndani ya kitenge.

"Nimeijaribu," alisema. "Mashine iko muzuri. Duka yenu njo mubaya. Rudisha, mama. Na wewe ulisema hatutaulizwa neno."

Sikumuuliza neno. Nilishuka Goma nimeipakata, nikaiweka juu ya meza ya gérant, nikamwambia mteja amerudisha ndani ya siku zake na ni haki yake. Alinionyesha mlango. Nilikuwa tayari nimeuelekea.

Baada ya hapo nilifanya kazi yangu mwenyewe Munigi, kwenye chumba cha mbao, mpaka macho yalipokataa skrubu ndogo. Niliuza katofali tu. Kila moja niliibandika karatasi iliyoandikwa ni kitu gani ndani yake kitajifunga na siku gani, na kama hakuna, niliandika hakuna. Wenye maduka makubwa walisema nitalala njaa. Kuna miezi walikaribia kusema kweli. Mama Espérance sikuwahi kumuuzia. Mashine ya shule aliinunua kwa mwingine, lakini kabla ya kuipokea alimtuma mtu kunichukua niende nikaikague mbele ya muuzaji kama ina kitasa.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaouza mashine wananijia na maneno yao. Wananiambia zama zimebadilika, mama. Sasa kila kitu ni cha majaribio, mtu anapewa mwezi wa bure na kusahau kuukata, na huko kusahau ndiko biashara. Nawajibu kwamba hata wakati wetu kulikuwa na shati jeupe lililosema hivyo hivyo. Kujaribu ambako huwezi kurudisha ni mtego, hata ukiupamba na utepe. Na watu wa hapa si wajinga kwa kuwa wananunua kitu kidogo cha bei ndogo. Wanajua wanachokitaka kuliko anayewauzia.

Wakiniuliza niliuza mashine ngapi maishani mwangu, sina hesabu. Nawaambia niliwahi kurudishiwa moja, na niliipokea kwa mikono miwili.