Dakika Tatu za Gamla Stan

Safari yangu ya kwenda kazini ilipangwa kwanza na mume wangu, kwa rula na karatasi ya miraba. Alikuwa anasomea uhandisi wa barabara, na katika nyumba yetu ya Vårby gård, pembezoni mwa mji wa Waswidi, hapakuwa na kitu alichokipenda kuliko mstari ulionyooka. Alichora mistari miwili ya treni za chini ya ardhi, mwekundu na wa kijani, akaandika dakika chini ya kila kituo, akanikabidhi kama mwalimu anayerudisha mtihani.

"Unapanda hapa saa kumi na moja na dakika thelathini na saba. Unabadilisha kituo cha kati. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu uko Vällingby. Umeona? Rahisi."

"Na ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Za kituo cha kati. Kutoka treni nyekundu kwenda ya kijani kuna ngazi."

"Zinatembea zenyewe."

"Na gari la mtoto nalo linatembea lenyewe?"

Akaiangalia karatasi yake. Gari la mtoto halikuwemo. Mtoto mwenyewe hakuwemo. Akasema mahesabu ni mahesabu, akarudi kwenye vitabu vyake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa na hasira tangu siku niliyoshuka kwenye ndege, lakini haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unajua ni wako, ukiuminya husikii kitu.

Nieleze kwa nini dakika zilikuwa na maana. Nilikuwa nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee Vällingby, ng'ambo ya pili ya mji, kuwaosha na kuwalisha, kuanzia saa moja kamili. Hatua chache kutoka hapo aliishi mwanamke wa Kifini aliyelea watoto wa watu nyumbani kwake. Waswidi humwita mtu wa namna hiyo dagmamma, mama wa mchana. Mtoto wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Mfini alimpokea kwa sharti moja: awe ameingia mlangoni kabla ya saa moja kasorobo, kwa sababu saa hiyo anawakalisha wote mezani kula uji na hataki mtu wa kupiga kengele. Ukichelewa mara tatu, nafasi anapewa mwingine. Aliinua vidole vitatu ili nisije nikasema sikuelewa Kiswidi chake, ambacho kilikuwa kibaya kama changu.

Na nafasi ikipotea, baba mtoto alikwisha amua. Mtoto atapelekwa Songea kwa bibi yake mzaa baba, akae huko mpaka tumalize masomo. "Tumalize" alisema, wakati mimi sikuwa nasoma chochote. Mama mkwe alikwisha andika kwamba kitanda kipo. Wenzetu wengi walifanya hivyo. Niliwajua wanawake watatu waliokuwa na watoto kwenye picha tu, picha imewekwa juu ya televisheni, na mama akitoka kazini anaipangusa vumbi.

Basi nikaanza na mpango wa mume wangu. Siku nne nilipandisha gari la mtoto kwenye ngazi za umeme za kituo cha kati, magurudumu ya mbele hewani, nyuma yangu msururu wa watu wasiosema kitu. Waswidi hawakutukani. Wanapumua tu. Siku ya nne gurudumu lilinasa, Mswidi mmoja akalinyanyua bila kunitazama usoni, na treni ya kijani ikaondoka mbele ya macho yangu. Siku hiyo nilifika saa moja kasoro dakika tisa. Mfini akainua kidole kimoja.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Bredäng, kwenye chumba cha mikutano ambako watu wa kwetu, wa Kenya na wa Uganda tulikuwa tunakutana kunywa chai. Nilikuwa nalalamika, simlalamikii mtu hasa, nalalamika tu huku nakata keki. Mzee mmoja wa Uganda akanyoosha mkono.

"Mama, leta hiyo karatasi. Nani alichora?"

"Baba mtoto."

"Amesoma?"

"Anasoma."

"Eee, inaonekana."

Huyo mzee alikuwa amefanya kazi ya reli kwao, miaka ishirini na sita, tangu kufunga breki mpaka kuwa mkubwa wa stesheni. Kiswahili chake kilikuwa cha relini, cha amri, cha kuitana kutoka behewa hadi behewa. Alikuwa amekimbia Uganda, mkewe hakuweza kukimbia naye. Hapa alikuwa anafagia maofisi usiku kule Gamla stan, mji wa zamani. Alichukua penseli ya mtoto wa mtu, akakata kituo cha kati kwa mstari mmoja.

"Usibadilishe hapa. Badilisha Gamla stan, stesheni moja kabla. Treni nyekundu inasimama hapa, ya kijani inasimama hapa, katikati ni jukwaa moja. Wewe unavuka tu. Ngazi hakuna. Iko dakika tatu mpaka ya kijani kuondoka. Panda behewa ya tatu, mlango ya katikati. Mimi nitakuwa hapo, natoka kazi. Nitakuonyesha."

Nilimshukuru sana. Nataka niseme hivyo, kwa sababu nitakayosema baadaye si mazuri.

Jumatatu alikuwepo, kofia mkononi, amesimama mahali hasa mlango wa katikati wa behewa la tatu ulipofungukia. Kweli ngazi hazikuwepo. Nilisukuma gari hatua nane nikawa kwenye treni ya kijani. Nikafika saa moja kasoro dakika kumi na tisa. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo, ingawa sikufurahi. Kufurahi kulikuwa mbali.

Jumanne alikuwepo tena. Na Jumatano. Na Jumatano ndipo tulipoanza kusalimiana sawasawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba mama. Umelala namna gani?"

"Salama, mzee."

"Mmm. Na mtoto amelala?"

"Amelala."

"Mmm. Na baba mtoto?"

"Mzima."

"Mmm. Na wale wa nyumbani Tanzania, barua imefika?"

"Imefika, hawajambo."

"Mmm. Na mvua?"

Kwao salamu haiishi kwa neno moja, na baada ya kila jibu lazima pawe na ile mmm ya polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kwetu pia si fupi. Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukimpita jirani bila kumwamkia, anakurudisha kutoka barabarani ukaanze upya. Siwezi kumpa mgongo mtu aliyeitikia marahaba. Miguu yenyewe inakataa. Na mzee alikuwa na tabia ya kushika mpini wa gari la mtoto kwa mkono mmoja tunapozungumza, kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake.

Nilijaribu. "Mzee, treni hiyo."

"Treni iko mingi, mama. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi ya treni, haijawahi kwisha."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri. Milango ya treni ya kijani ikajifunga. Iliyofuata ilikuwa baada ya dakika kumi, na dakika kumi ndizo nilizokuwa sina. Mfini akainua vidole viwili, mtoto wangu akiwa amemkumbatia yeye shingoni, siyo mimi.

Jioni nikamwambia mume wangu, kwa sababu nilikuwa mjinga, nilidhani atafikiria jambo. Alifikiria. Aliuliza nauli ya mtoto ni kiasi gani kwenye ndege ikiwa atasafiri na mtu anayerudi nyumbani.

"Mwambie huyo mzee asikusumbue," alisema.

"Mwambie wewe."

"Mimi simjui vizuri."

"Basi kaa kimya."

Hakuna aliyelala vizuri usiku ule ila mtoto.

Wiki mbili nzima zilizofuata nilipanga salamu ndani ya safari kama mtu anavyopanga kituo. Nilianza kusema shikamoo kabla mlango haujafunguka vizuri. Nilijibu maswali kabla hayajaulizwa: tumelala salama mzee, mtoto mzima, baba mtoto mzima, barua haijaja, mvua sijui. Alisononeka kidogo, lakini alizipokea zote, kisha akaanza salamu zake yeye mwanzo. Mara mbili niliingia treni ya kijani mlango ukinigusa kisigino. Mara moja shuka la mtoto lilinasa nje, likapeperuka hadi kituo kilichofuata. Ukiniuliza nilikuwa naogopa, nitakwambia hapana. Nilikuwa nahesabu tu. Dakika tatu, toa mbili na nusu.

Halafu nikagundua kitu ambacho kilikuwa kinanitazama kila siku. Ilikuwa Ijumaa, treni nyekundu ilisimama Slussen, kituo kinachotangulia Gamla stan. Mlango ulifunguka. Nilikuwa nimemwinamia mtoto namfuta kamasi, nikainua macho: ng'ambo ya jukwaa hilohilo, treni ya kijani ilikuwa inafika. Watu walitoka kwetu wakavuka wakaingia kule, bila kuharakisha, wengine wanasoma gazeti. Jukwaa moja, ngazi hakuna, treni ileile ambayo ningeipanda Gamla stan. Nilikuwa nimepita hapo kila asubuhi kwa karibu mwezi.

Mtu wa reli miaka ishirini na sita, asijue Slussen? Alijua. Alikata kituo cha kati kwa penseli, akaiona Slussen pale karatasini, akachagua Gamla stan kwa sababu ndipo yeye alipokuwa anatokea. Tena treni yake mwenyewe ya kurudi nyumbani kwake Bredäng haikuwa hata upande huo. Ilipita jukwaa la pili. Alikuwa anavuka kuja upande wangu, amechoka, mikono inanuka sabuni ya sakafu, ili mtu mmoja mji mzima amwambie shikamoo. Niliyaelewa yote hayo kati ya Slussen na Gamla stan, mwendo wa dakika mbili hivi. Na kuelewa hakukunisaidia. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Alikuwa amepanga upweke wake ndani ya saa zangu, na saa zangu ndizo zilizokuwa zinamshikilia mtoto nisipokonywe.

Siku hiyo nilimsalimia kama kawaida. Alishika mpini. Nilimwondoa vidole, kimoja kimoja, huku nasema "mzima mzee, mzima, mzima."

Jumatatu nikashuka Slussen. Nilivuka hatua nane, nikaingia treni ya kijani, nikakaa upande wa dirisha la jukwaa kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi ya gari la mtoto. Ningeweza kusimama upande wa pili. Sikusimama.

Gamla stan treni mbili ziliingia karibu pamoja. Mzee alikuwa mahali pake, ametupa mgongo sisi, uso kwenye treni nyekundu, mlango wa katikati wa behewa la tatu. Watu walishuka. Alitazama ndani. Akasogea mlango wa pili, akatazama. Akarudi. Alinyanyua kofia kidogo kwa mwanamke mwingine mwenye gari la mtoto, Mswidi, ambaye alimkwepa. Mlango wetu ulikuwa wazi, mimi niko hatua tano, na mtoto akapiga kelele yake ile ya asubuhi. Mzee akageuka.

Alituona. Aliangalia treni ya kijani kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu wa reli anavyokagua, akaniangalia mimi niliyekaa kwenye kiti, tayari nimekaa.

"Slussen," alisema.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Nilijua utaiona. Nikasema, huyu amesoma sekondari, siku mbili tatu ataiona." Hakuja karibu na mlango. "Umechukua mwezi, mama."

"Nisipofika mapema wananichukulia mtoto, mzee. Anapelekwa Songea."

Sikuwa nimewahi kumwambia. Katika kuulizana kote kule, mvua na barua na baba mtoto, hilo sikulitaja, wala yeye hakulifikia. Akafungua mdomo. Nadhani lilikuwa swali, kwa sababu kwanza ilikuja ile mmm. Milango ikajifunga.

Nilisubiri nione vibaya. Nilisubiri mpaka Vällingby, vituo vyote vile, nikasukuma gari kwenye theluji iliyokwisha kuwa tope, nikafika saa moja kasoro dakika kumi na tisa, Mfini akamvua mtoto kofia, akasema vizuri. Kuona vibaya hakukuja. Nilikwenda kazini nikaosha wazee wa watu.

Kesho yake hakuwepo jukwaani, wala kesho kutwa. Chai ya Bredäng ilipofika niliuliza yuko wapi yule mzee wa reli, wakasema kapata kazi ya mchana Upplands Väsby, nje kabisa ya mji, na amehamia huko. Waliponiuliza kwanza yupi, kwa jina, sikuweza kujibu, sikulijua. Nilikuwa namwita mzee tu.

Mfini hakuinua kidole cha tatu. Baba mtoto akamwandikia mama yake kwamba kitanda kisubiri kwanza. Aliandika kisubiri. Hakuandika kiondolewe. Niliisoma barua kabla haijafungwa, nikailamba bahasha mwenyewe, nikaibandika stempu, nikaitia kwenye sanduku la posta asubuhi nikienda kupanda treni, mkono mmoja kwenye barua, mwingine kwenye gari la mtoto.