Mashine Nyuma ya Chumba cha Kukhu

Nataka kuandika ukweli kuhusu ile mashine, kwa sababu kwa mdomo nilishindwa.

Tulipohamia nyumba mpya hapa Kitale, baba alinunua mashine ya kupasha maji kutoka hoteli moja iliyokuwa inafungwa. Ni sanduku la bati lenye feni. Linavuta joto kwenye hewa na kulitia kwenye tangi la maji. Baba husema ni friji iliyogeuzwa kinyume. Mtu akitumia maji ya moto, linaamka na kunguruma karibu nusu saa. Fundi alikuwa ameshachora alama ya chaki ya mahali pa kuifunga, nje ya dirisha langu, karibu na bafu. Mimi huwa siongei mbele ya wageni, lakini siku hiyo niliongea.

"Baba, sasa nitasomaje na hiyo kelele?"

Baba alifurahi hata, ati leo nimefungua mdomo. "Umesikia mwenye nyumba?" akamwambia fundi. Wakaifunga kwa bolti nne nyuma ya chumba cha nje tulichokuwa tunaweka mahindi. Huko haingesumbua mtu.

Haikupita miezi miwili, kukhu wangu, mamake mama, akaletwa kutoka Bungoma. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari wake wa hapa Kitale alitaka apumzike karibu na kliniki. Sisi ni Wabukusu. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Hawashikani mkono, hawali pamoja. Kwa hivyo magunia yakatolewa, kitanda kikaingizwa kwenye kile chumba cha nje, kichwa kikaelekea ule ukuta wa mashine, maana upande wa pili ni mlango.

Mimi nikawa mdomo wao. "Enda uulize mama kama amelala vizuri," baba angesema akifunga viatu vya kazi, maana kukhu alimwita mama, nami ningevuka uwanja.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta kukhu ameketi, kiganja kimebandikwa ukutani. "Mnafuga nini huku nyuma?" akaniuliza. "Hii ng'ombe inakoroma tu na maziwa haitoi!" Nikacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanishika mkono. "Sikiza, mwanangu. Mwambie baba yako nimelala vizuri sana. Mtu hasuti mkwe kwa nyumba aliyojenga."

Nikarudi, nikasema, "Amelala vizuri."

Nilisema hivyo kila siku. Na kila siku niliona. Akijilaza mchana, mtu anaosha vyombo, mashine inaamka, na yeye anaamka nayo. Glasi yake ya dawa ilikuwa ikitetemeka juu ya kistuli. Macho yalimvimba. Ningeweza kusema ni yeye alinikataza, lakini si hilo tu. Nilijua nikisema, mashine itarudi dirishani kwangu. Na yale maji niliyapenda. Asubuhi za Kitale ni baridi, mimi nilikuwa naoga mpaka vidole vinakunjana, nikijua kabisa ni nani anayesikia.

Wiki ya tatu kukhu akaniambia, "Mwambie baba yako nimekumbuka kuku zangu."

Mama alimbembeleza, akakataa. Ati kliniki atakuwa anakuja na kurudi. Akarudi Bungoma. Alikuja kliniki mara moja, amechoka na safari. Mara ya pili hakufika. Sijui kama angepona kama angelala kwetu. Sikumuuliza mtu, kwa sababu niliogopa jibu.

Tuliporudi kutoka mazishini, baba akaniomba tutoe matandiko. Alisimama nje, mimi ndani. "Mama alikipenda hiki chumba," akasema. "Sielewi kwa nini alikimbia."

Nikamwambia. Nililia hata maneno yakawa hayasikiki vizuri, lakini nilimaliza yote, hadi ya maji ya moto.

"Si ungesema tu?" baba akasema. "Ni bolti nne."

"Kukhu alinikataza."

"Yeye alikukataza kwa heshima. Na wewe?"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi aliihamisha mwenyewe, mpaka nyuma ya zizi, na kununua mabomba marefu. Mimi nilishika spana. Alipofungua kila bolti aliniwekea kiganjani, na bado zilikuwa na joto. Alipomaliza akamwita mama afungue maji ya moto jikoni. Kisha akaja hadi mlango wa chumba cha kukhu, akasimama hapohapo. Kitanda kilikuwa kitupu, lakini hakuvuka kizingiti cha mama mkwe wake.

"Ingia wewe," akasema. "Unasikia?"

Nikaingia, nikaweka sikio ukutani pale kichwa chake kilipokuwa kinalala.

"Sisikii kitu," nikamwambia, na mara hii ilikuwa kweli.